Asiachwe Peke Yake: Mgonjwa na Mawazo ya Giza

Mazungumzo na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Lushoto



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo katika vijiji vyetu hunong'onwa tu, tena mara nyingi baada ya mazishi: habari ya mgonjwa anayechoka kuishi. Sitasema kama mtaalamu, maana mimi ni mkulima. Nitasema kama mtu aliyefika huko akarudi.

Mume wangu alifariki mwaka 1997. Mwaka uliofuata nilipimwa, nikaambiwa kwamba nami nina virusi vya UKIMWI. Wakati ule dawa za kupunguza makali zilikuwa hazijawafikia watu wa hali yetu, na jibu la maabara tulilipokea kama hukumu ya kifo. Baadhi ya ndugu waliacha kuingia nyumbani kwangu. Kikombe changu kilitengwa. Wengine walikwisha kuanza kuulizana shamba letu litakuwa la nani. Ulikuwa mwezi wa Juni, wakati ambapo ukungu hushuka na watu wa milimani hufunga milango mapema. Nikabaki na moto wangu na mawazo yangu.

Napenda mfahamu mawazo hayo yalivyokuwa. Hayakuja kwa kelele. Yalikuja kama hesabu iliyo sahihi. Yaliniambia kwamba mimi ni mzigo, kwamba watoto watapata nafuu nisipokuwapo, kwamba dawa haipo wala haitakuwapo. Mtu aliye katika hali hiyo hatambui kwamba anadanganywa. Ndiyo sababu haitoshi kumwambia, "Jikaze."

Aliyenisaidia ni jirani yangu, Mwislamu, ambaye tulipakana mashamba. Aliingia jioni akiwa na uji, akaketi, akanitazama, kisha akaniuliza waziwazi: "Mwenzangu, unafikiri kujiua?" Nililia, nikamjibu ndiyo. Hakunikemea, wala hakukimbia kwenda kutangaza. Alilala kwangu usiku ule. Alfajiri akasema, "Mbegu zako za viazi zimechipua. Twende bondeni ukanionyeshe pa kuzipanda." Nilipanda mistari miwili, nikachoka, nikaketi kando ya mfereji. Lakini viazi vikishapandwa hudai palizi, na palizi hudai mtu. Baada ya siku chache alinisindikiza hospitali, akaniambia nimweleze mganga si habari za homa tu, bali na habari za mawazo yangu.

Basi, sababu yangu ya kwanza ya kuendelea kuishi haikuwa kubwa. Ilikuwa mistari miwili ya viazi, na mtu aliyeningoja asubuhi. Sababu nyingine zilikuja baadaye, moja baada ya nyingine.

Mwaka 2004 Serikali yetu ilianza kutoa dawa za kupunguza makali ya UKIMWI bila malipo. Nami nilizipata, na leo ninalea wajukuu. Tafakarini jambo hili: mawazo yale ya mwaka 1998 yalikuwa na uhakika kabisa kwamba hakuna kesho, nayo hayakujua lolote juu ya mwaka 2004. Sisemi kwamba kila ugonjwa utapata dawa. Nasema kwamba aliyemo gizani hawezi kupima vema urefu wa usiku, kwa hiyo inampasa awe na mtu wa kungoja naye.

Maandiko Matakatifu yanatufundisha vivyo hivyo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amwondolee uhai. Mungu hakumhukumu. Alimpelekea malaika mwenye mkate na maji. Eliya akala, akalala, akaamshwa, akala tena. Ndipo akapata nguvu ya safari, na mwishoni akapewa kazi na mwenzi wa kuifanya naye. Chakula kilitangulia, usingizi ukafuata, na mazungumzo yakaja nyuma. Mara nyingi sisi huanza na mahubiri, na mkate tukausahau.

Hata katika milima yetu ya Usambara tunao mfano. Kule Lutindi, upande wa Korogwe, kituo kilichoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa katika utumwa kiligeuka baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, nayo imeendelezwa na ndugu zetu Walutheri. Pamoja na dawa, wagonjwa hushiriki kazi za kituo, ikiwa ni pamoja na kilimo cha chai. Mgonjwa anayeshika jembe kwa kadiri ya nguvu zake hukumbuka kwamba mikono yake bado inahitajiwa.

Wazee wetu wa Kishambaa walikuwa na maneno mawili mazito: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Walijua kwamba wakubwa wakigombana, nchi nzima huugua kwa njaa. Naamini ni hivyo hata katika nyumba. Mjane akinyang'anywa shamba, mgonjwa akitengewa kikombe, kijana akiitwa mwehu hadharani, tunaiharibu nchi, kisha tunashangaa mtu akikata tamaa. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la haki na amani, wala si la huruma peke yake.

Liko pia suala la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, huhesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Matokeo yake ni kwamba jamaa huogopa, humficha mgonjwa badala ya kumpeleka kwenye matibabu. Kwa jirani zetu wa Kenya, mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Yafaa na sisi tulizungumze jambo hili bila woga. Kanisa lenyewe, katika Katekisimu ya mwaka 1992, linafundisha kwamba uhai ni zawadi ya Mungu tunayopaswa kuilinda. Linafundisha pia kwamba maradhi mazito ya akili na hofu kuu hupunguza lawama ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojiua. Basi tusiwanyime wafiwa wao faraja.

Kwa viongozi wa jumuiya ninaomba mambo manne.

Kwanza, ulizeni waziwazi. Wataalamu wa afya wanathibitisha kwamba kumwuliza mtu juu ya kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kupumua.

Pili, akikiri, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Vitu vinavyoweza kumdhuru viondolewe karibu naye.

Tatu, msindikizeni mpaka zahanati au hospitali. Sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, nayo ina matibabu. Sala na dawa havigombani.

Nne, rudini tena wiki inayofuata, na inayofuata. Shamba lake lilimwe kwa msaragambo, lakini mpeni naye mstari wake, hata uwe mmoja.

Na wewe unayenisikiliza leo huku moyo wako ukiwa umechoka, nakuomba usingoje mpaka upate sababu kubwa. Kabla jua halijazama mwambie mtu mmoja: mwenzi wako, katekista, mganga, au jirani. Sema tu, "Mawazo yangu si mazuri, kaa nami." Jirani yangu yule amekwisha kutangulia mbele ya haki. Kila mwaka, mbegu za viazi zinapochipua, namkumbuka na kumwombea.

 

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Ni nani katika jumuiya yetu ameugua muda mrefu, na ni lini tulimtembelea mara ya mwisho?

2. Ni maneno gani au desturi zipi zetu zinazomfanya mgonjwa ajione mzigo?

3. Mtu akitukiri usiku wa leo kwamba amechoka kuishi, nani atakaa naye, na nani atamsindikiza hospitali?