Pikipiki na Mzigo Wake

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya pikipiki. Sikusudii kunena habari za pikipiki ya kwendea kazini, wala ile ya kuchukulia abiria. Nataka kueleza habari za pikipiki kubwa ya safari, iliyoundwa kwa barabara ndefu za lami na changarawe, na jinsi mwenyewe awezavyo kuibadili ili ifae mashindano ya mwendo mrefu katika mchanga na mawe, mahali pasipo njia. Mashindano hayo huitwa rali.

Yafaa tuanze na asili yake. Mwaka 1977 Mfaransa mmoja, jina lake Thierry Sabine, alipotea na pikipiki yake katika jangwa la Libya, alipokuwa katika mashindano ya kutoka Abidjan kwenda Nice. Aliokolewa akiwa hai. Mtu mwingine angalilikimbia jangwa maisha yake yote, lakini yeye alirudi kwao akaanzisha mashindano yake mwenyewe. Tarehe 26 Desemba 1978 washindani waliondoka Paris kwenda Dakar, mji mkuu wa Senegal. Mshindi wa kwanza upande wa pikipiki alikuwa Cyril Neveu, naye alipanda Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja tu. Mwaka 2009 mashindano hayo yalihamia Amerika ya Kusini, na mwaka 2020 yakahamia Saudi Arabia, ingawa jina la Dakar limebaki. Na wale wapendao kuufikia mji wa Dakar wenyewe walifanyiziwa mashindano mengine, yaitwayo Africa Eco Race.

Kadiri miaka ilivyopita mitambo ilikua, na mwendo ukaongezeka. Mwaka 2002 Mwitalia Fabrizio Meoni alishinda Dakar kwa pikipiki kubwa ya KTM yenye silinda mbili. Mwaka 2005 mtu huyo huyo, bingwa mara mbili, alianguka akafa katika nchi ya Mauritania. Hakuwa wa kwanza kufa, wala hakuwa wa mwisho. Tangu mwaka 2011 sheria ya Dakar haikubali pikipiki yenye injini inayozidi sentimita 450 za ujazo.

Basi mtu atauliza, Ikiwa mabingwa wenyewe wamerudishwa kwenye pikipiki ndogo, kwa nini tuhangaike na kubwa? Jibu ni kwamba pikipiki ya mashindano matupu ni ya gharama nyingi, tena haina kazi nyingine mashindano yakiisha. Bali pikipiki ya safari mtu anayo tayari, nayo humpeleka mashindanoni na kumrudisha nyumbani. Wala si jambo lisilowezekana. Mwaka 2024 Jacopo Cerutti alishinda Africa Eco Race kwa pikipiki ya Aprilia Tuareg 660, ndugu wa ile iuzwayo madukani. Lakini ilikuwa imetengenezwa kwa akili. Na akili hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Zamani, msafara ulipofungwa Bagamoyo kwenda bara, kila mzigo ulipimwa kabla ya kuguswa na mpagazi, na kipimo chake kilikuwa kama kilo 30. Mkuu wa msafara alijua ya kuwa kilo tano za ziada hazionekani siku ya kwanza. Huonekana siku ya ishirini, mpagazi alalapo njiani. Tuna methali isemayo, Mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Pikipiki haikuzaliwa Unyamwezi. Mpe mzigo mzito, naye atakuangusha.

Tuchukue mfano mmoja ili hesabu iwe wazi. Yamaha Ténéré 700, kama ilivyotoka kiwandani mwaka 2019, ina uzito wa kilo 204 ikiwa na petroli lita 16. Mwenye nayo huingia dukani, akaonyeshwa vyuma vya kuizunguka injini, masanduku ya ubavuni, taa za ziada na vichukulio. Vyote ni vizuri kwa macho. Akitoka, pikipiki yake imeongezeka kilo 30, na mkoba wake umepungua zaidi. Muuza duka hupata faida kwa kila akifungacho. Hakuna alipwaye kwa kile alichokiacha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza. Toa vichukulio, toa pahali pa kukanyagia abiria, toa masanduku. Bomba zito la moshi laweza kubadilishwa kwa jepesi. Lakini usiziondoe taa, honi, wala kibao cha namba, kwani sehemu za mashindano hupita katika barabara za watu wote, na sheria ya barabara haimjui mshindani.

Kazi ya pili ni springi na shokapu zake. Hapa ndipo fedha yako ifanyapo kazi kubwa kuliko mahali pengine pote. Springi ya kiwandani hutengenezwa kwa mtu wa uzito wa kati aendaye kwa utulivu. Pima hivi. Mwenzako aishike pikipiki hali gurudumu la nyuma limening'inia, nawe upime kwa rula kutoka ekseli hata alama moja juu yake. Kisha ishushwe, ukae juu yake na mavazi yako yote ya safari, ipimwe tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili yapasa kuwa kama theluthi moja ya mwendo wote wa springi. Katika mfano wetu mwendo wa nyuma ni milimita 200, basi tofauti iwe kati ya 60 na 70. Ikiwa yazidi sana hata baada ya kukaza, springi ni laini kwako, na katika shimo la kwanza la haraka chuma kitagonga chuma. Hapo nunua springi ya uzito wako, wala usiidanganye kwa kuikaza hata mwisho.

Tatu, magurudumu. La mbele liwe la inchi 21 na la nyuma inchi 18, yenye spoki, maana ringi ya spoki hukubali kupigwa na jiwe bila kupasuka. Mchanga hutaka mpira wenye upepo mchache, ili utandazike kama unyayo wa ngamia. Lakini mpira wenye upepo mchache huzunguka ndani ya ringi na kuung'oa mdomo wa mpira wa ndani. Kwa hiyo sharti ufungwe kishikizo cha kuubana. Washindani wengi huacha upepo kabisa, wakatia ndani pete nene ya povu gumu isiyotoboka. Pete hiyo haipendi mwendo mrefu wa kasi juu ya lami, kwani hupata moto ikaharibika.

Nne, petroli. Hapa mtu hukamatwa kati ya hofu mbili, hofu ya kuishiwa na hofu ya uzito. Barabarani, pikipiki inywayo lita 5 kwa kilometa 100 itakwenda kilometa 320 kwa lita 16. Katika mchanga laini yaweza kunywa lita 8, na safari ikawa kilometa 200 tu. Soma kwanza katika sheria za mashindano umbali kati ya vituo vya petroli, ongeza akiba ya sehemu moja katika kumi, kisha nunua tangi la kadiri hiyo. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu za kilo. Lita 10 zisizo na kazi ni kilo saba na nusu. Wazee walisema akiba haiozi, nao walisema kweli. Lakini jangwani akiba hulemea. Na petroli ikaapo chini, ubavuni mwa injini, hulemea kidogo kuliko ikiwa juu, mbele ya kifua.

Tano, ulinzi. Chini ya injini pawe na bamba nene la aluminiamu, maana jiwe moja laweza kuutoboa mtambo na kumwaga mafuta yote. Mikononi pawe na vikinga vyenye kiini cha chuma, ili mkono wa breki na wa klachi usivunjike ukianguka. Mbele ya rejeta pawe na wavu. Chujio la hewa liwe la sifongo lililotiwa mafuta, tena uwe nayo mawili au matatu, usiku ubadilishe. Vumbi ni adui asiye na kelele. Huingia kidogo kidogo na kula silinda kama mchwa alavyo mlingoti wa nyumba.

Sita, mahali pa mpandaji. Katika rali mtu hukaa kidogo na kusimama sana. Basi usukani uinuliwe hata uweze kusimama bila kuinama mgongo, na pahali pa kukanyagia pawe papana. Mbele ya macho hufungwa kifaa cha kuonyesha maelezo ya njia, ama sanduku la kuviringisha karatasi ndefu, ama kioo cha umeme, pamoja na kipimo cha kilometa ambacho mpandaji aweza kukisahihisha kwa kidole. Viwekwe mahali ambapo jicho litaviona bila kichwa kuinama, kwa kuwa aliyeinama kusoma haioni korongo iliyo mbele yake.

Mwisho natoa mtihani, kwani mwalimu haachi darasa bila mtihani. Pikipiki yako ikiisha kutengenezwa, ijaze petroli, maji na spana utakazochukua. Ipeleke penye mchanga saa ya jua kali, uilaze chini, uiinue peke yako. Kisha uilaze na kuiinua mara ya pili, na mara ya tatu. Ukishindwa mara ya tatu, usimlaumu fundi wala usiulaumu mwili wako; chukua spana, utafute cha kupunguza. Maana siku ya mashindano hakutakuwa na rafiki karibu, na pikipiki usiyoweza kuiinua si chombo tena, ni alama tu ya mahali pa kukutafutia.