Viwavi wa Mndimu

Mvua zikianza Simiyu, tazama majani machanga ya mndimu ulio uani. Kiwavi anayefanana na kinyesi cha ndege, kisha akageuka kijani, ndiye atakayekuwa kipepeo yule mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano. Wengi wakimwona hukimbilia kinyunyizi. Hapo ndipo ninapohofia: huu ni mkoa wa pamba, na kiuatilifu kilichobaki shambani hakikosekani nyumbani. Mndimu uliokomaa hauuawi na viwavi wachache. Kwenye mche mchanga, waondoe kwa mkono. Acheni pia udongo wenye unyevu karibu na bomba, maana vipepeo hufyonza maji yenye chumvichumvi hapo. Wasikilizaji wa Bariadi, tafadhalini, dawa ya pamba isipulizwe uani.