Avoka akiacha siku za apeli zipite

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka



Siye tuliorudi toka Kigoma kuanzia 2005, wengi kwa meli Mwongozo, tulikuta mashamba yetu yana watu wengine. Wakati tuko Lugufu na Nyarugusu, mwingine alilima, mwingine aliuzisha, mwingine alijenga. Mengi tunayamaliza kwa wazee na kwa chifu. Yanayoshindikana yanakwenda tribinali, na hapo feza ya muchango inatoka kumulipa avoka.

Swali linalorudi kila mukutano ni hili: avoka akituharibia kesi, tunaweza kumudai?

Ndiyo, lakini si kila mara. Avoka ni kama muganga: anaahidi kazi ya uangalifu, haahidi kupona. Kushindwa peke yake si kosa lake. Kosa ni kukosa siku ya kesi bila kukuonya, kupoteza karatasi ya mauzo, ao kuacha siku za apeli zipite.

Hilo la mwisho ndilo linatuumiza zaidi. Kesi ya shamba ina siku 30 za apeli tangu huisie akufikishie hukumu. Siku zikipita, hata haki yako ikiwa nyeupe kama unga wa muhogo, mulango umefungwa. Kesi ya penali ni siku 10 tu, tangu hukumu isomwe. Mwanachama wetu mmoja alipeleka hukumu kwa avoka kesho yake, pamoja na feza ya safari ya Uvira. Miezi miwili kisha akaambiwa: "Tulichelewa." Shamba lile linalisha watu tisa.

Sheria iko upande wake. Kitabu cha tatu cha Kodi sivile, cha 1888, artikle 258 na 259, kinasema anayemuharibia mwenzake kwa kosa ao kwa uzembe anapashwa kulipa. Avoka hakutolewa humo. Kule Uingereza mawakili walikuwa na kinga kwa kazi ya mbele ya jaji mpaka 2000, majaji wakubwa walipoiondoa. Wengine hapa wanafikiri kinga hiyo iko na kwetu. Hapana.

Ugumu ni ushahidi. Lazima uonyeshe kosa, hasara, na kwamba apeli ingekuwa na bahati ya kweli. Jaji anapima bahati iliyopotea, hakulipi bei yote ya shamba. Tena, kupata avoka wa kumushitaki mwenzake si kazi ndogo, tuseme wazi.

Batonie yuko Bukavu. Yeye na baraza lake wanaweza kumupa avoka onyo, kumusimamisha, hata kumufuta. Lakini shamba hawakurudishii. Na wale wanaoandika barua chini ya muembe, wasio kwenye tablo ya mawakili, yeye hana nguvu juu yao. Uliza tablo kwanza, feza baadaye.

Basi komite inafanya hivi: muchango hautoki bila risiti na barua ya kumupa avoka kazi. Kopi ya dosie inabaki kwetu. Siku huisie alipofika inaandikwa mu rejista. Siku ya 20, kama avoka hajaonyesha karatasi ya apeli, mwenye kesi anapanda gari kwenda kuitangaza mwenyewe kwa grefie, sheria inamuruhusu. Wafadhili, nauli hiyo ndiyo tunawaomba.

Barua ya ndugu yetu kwa batonie imekwisha kuandikwa. Tunangojea kopi ya hukumu toka Uvira ndipo iende.