Shule Ikipata Msiba, Vijana Tunakwenda na Nini?

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita kwenye kikao cha vijana wa kata yetu hapa Arusha. Baadhi yenu mliokosa kikao mmeomba niyaweke hapa. Nimerekebisha kidogo tu, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.



Nimepewa dakika 15 niongee kuhusu kurudisha matumaini shuleni. Kwa nini mada hii na kwa nini leo, wote mnajua. Wiki tatu zilizopita mwanafunzi wa kidato cha pili aligongwa na lori akivuka barabara kurudi nyumbani. Jina lake sitalitaja, mama yake hajaturuhusu, na jina la shule nalo naliacha. Nimekaa na wadogo zetu wanaosoma pale. Wananiambia dawati lake bado lipo palepale. Hakuna anayelikalia na hakuna anayethubutu kulitoa. Mwalimu akiingia darasani anaangalia ubaoni, anafundisha, anatoka.

Sasa kwenye grupu letu nimeona mapendekezo. Twende na magwanda na bendera, tupeleke madaftari, tupige picha, tuposti. Kuna kamanda mmoja akaandika, "Hii ni fursa." Simtaji, yupo hapa ndani, na ni rafiki yangu. Kaka yangu, leo nataka nikujibu. Nitakujibu kwa upole, ila nitakujibu.

Nianze na mwaka 2017. Tarehe 6 Mei mwaka huo ilitokea ajali ya Lucky Vincent. Wengi wenu mnaikumbuka kama habari. Mimi naikumbuka kama mtoto wa darasa la saba, kwa sababu mwaka ule nilikuwa darasa la saba, katika shule nyingine hapahapa mjini. Wale walikuwa wenzetu kabisa, umri wetu na mtihani wetu. Jumamosi ile asubuhi walikuwa wanakwenda Karatu kufanya mtihani wa kujipima na shule nyingine. Basi lao likatumbukia korongoni pale Rhotia. Wakafariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Watu 35 asubuhi moja.

Jumatatu, tarehe 8, jiji liliaga miili Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Mliokuwepo mnajua ule umati. Lakini mimi nataka niwapeleke mahali ambapo kamera hazikufika, yaani darasani kwetu.

Paredi ya kwanza baada ya msiba tuliambiwa tusimame kimya dakika moja. Dakika ikaisha. Tukaambiwa, "Haya, ingieni madarasani, mtihani hausubiri." Basi, ndiyo ikawa imetoka hiyo. Watu wazima walidhani wametulinda. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja. Watoto tukaanza kujitungia. Mmoja akasema barabara ile ina mizimu. Mwingine akasema kila mwaka linachukuliwa darasa la saba moja, na mwakani ni zamu ya shule yetu. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja akakataa kupanda daladala. Kila siku alitembea zaidi ya saa nzima kwenda na kurudi, na kwao hawakujua, nauli alikuwa anairudisha chini ya godoro. Mimi mwenyewe usiku nilikuwa nahesabu. Darasa letu tulikuwa 60 na kitu. Nilikuwa nahesabu 32 ni wangapi kati yetu, naanzia dawati la mbele.

Aliyetuokoa ni mwalimu wetu wa Kiswahili. Siku moja, katikati ya wiki, aliingia na gazeti badala ya kitabu. Akafunga mlango. Akasema, "Leo hatusomi ufahamu. Mimi nitawasomea habari hii taratibu, halafu mtaniuliza mnachotaka." Akasoma. Tukauliza. Waliumia sana? Dereva alikuwa anakimbia? Na sisi tutapanda basi? Alichokijua alikijibu. Asichokijua alisema, "Sijui, nisiwadanganye." Katikati ya majibu akalia kidogo mbele yetu, akajifuta na khanga, akaendelea. Kumbe mwalimu naye analia. Sijui niwaelezeje, lakini siku ile ndiyo niliyopata usingizi.

Halafu akatupa kazi. Akasema shule ile bado ina madarasa mengine, kuna wadogo zenu wamebaki pale na wanaingia getini kila siku, waandikieni. Tukaandika barua. Sijawahi kujua kama zilifika. Lakini tuliandika, na ile mikono iliyokuwa inatetemeka ikapata la kufanya.

Kisha zikaja habari za wale watoto watatu walionusurika. Wamarekani waliokuwa wakipita njia ileile walisimama kuwasaidia, na siku chache baadaye watoto wakapelekwa kutibiwa Sioux City, Iowa, Marekani. Mwezi Agosti mwaka uleule wakarudi nyumbani Arusha. Sisi darasani tulishangilia kana kwamba tumefaulu mtihani. Tungeshangilia vipi kama tusingekuwa tumeambiwa ukweli tangu mwanzo? Mtoto aliyefichwa msiba hata habari njema haiamini.

Sasa nigeukie siasa, maana najua mnaisubiri.

Tarehe 18 Mei 2017, polisi waliwakamata watu shuleni Lucky Vincent. Walikuwa wamekwenda kupeleka rambirambi. Alikuwemo aliyekuwa Meya wa Arusha, Kalist Lazaro, walikuwemo viongozi wa dini, na walikuwemo waandishi wa habari. Watu wa rambirambi wakaondoka na gari la polisi. Upinzani tumelisimulia tukio hili miaka yote hii, na tuna haki ya kulisimulia. Kupeleka pole si kosa katika nchi hii, na haipaswi kuombewa kibali.

Lakini jamani, tumewahi kujiuliza wale watoto waliokuwa ndani ya ua wa shule walijifunza nini siku ile? Hawajamaliza wiki mbili tangu wawazike wenzao, wanaona askari na watu wazima wanavutana pale wanapochezea. Aliyewapeleka askari atajibu yeye. Sisi tujibu letu: tukienda na bendera kwenye shule yenye jeraha, si tunamwalika yule mwenye bendera nyingine aje kushindana nasi juu ya jeraha lilelile? Na mtoto anabaki katikati kama mpira.

Ndiyo maana nasema tusiende na magwanda. Twende kama kaka na dada wa mtaa huu, maana ndivyo tulivyo.

Najua mtaniuliza, "Dada, kwa hiyo tunyamaze? Tukiuliza maswali tutaambiwa tunafanya siasa msibani." Hapana. Hapo ndipo nataka tutofautishe. Kutumia msiba kujitangaza ni aibu. Kuuliza kwa nini mtoto amekufa ni wajibu. Katiba yetu, ibara ya 14, inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Imesema kila mtu, haikusema kila mtu mzima. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayogusa ustawi wake. Kwa hiyo mwanafunzi wa kidato cha pili anayeuliza, "Kwa nini hakuna matuta pale?" hana utovu wa nidhamu. Anadai haki iliyoandikwa.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria mwaka wa pili, sijawa wakili, msije mkaniletea kesi. Ila hizi tatu mnaweza kuzibeba kichwani.

Sasa tunafanya nini? Nina mambo matatu.

La kwanza, ukweli. Tuwaombe walimu na wazazi wakae na watoto, waeleze kilichotokea kwa lugha rahisi, na wajibu maswali. Tusiwakimbilie walimu kwa lawama, nao wamefiwa, na wengi hakuna aliyewahi kuwafundisha la kusema. Na sisi wenyewe tuache kusambaza ile video. Ndiyo, ile. Najua ipo kwenye simu za humu ndani. Mdogo wake marehemu ana simu pia. Ifuteni kabla hatujatoka hapa.

La pili, kusikiliza. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yaani namna mtu wa kawaida, asiye daktari, anavyoweza kumsaidia aliyepatwa na jambo zito. Kiini chake ni vitu vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia nani hali vizuri, halali, haongei. Sikiliza anayetaka kuongea, na asiyetaka usimlazimishe asimulie. Unganisha anayehitaji zaidi na mwenye uwezo zaidi: mwalimu wa ushauri nasaha, ofisa ustawi wa jamii, mganga, kiongozi wake wa dini. Ipo pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Iandikeni kwenye vikaratasi, hiyo ni zawadi kubwa kuliko daftari lenye picha ya mgombea.

Na tuwe waangalifu na maneno. Mimi ni mtu wa kanisani, na najua faraja ya sala, wala sisemi dini ikae pembeni. Lakini tukimwambia mtoto, "Ni mapenzi ya Mungu, yamekwisha," tunamfungia mlango. Mungu hajaandikiwa barua ya matuta. Ofisi imeandikiwa, tena mara mbili, na bodi ya shule ina nakala.

La tatu, na hapa ndipo matumaini yanapokaa, kitu kimoja kibadilike na watoto wakione kwa macho. Si ahadi ya ilani wala hotuba, yangu ikiwemo. Matuta mawili, alama ya kivuko, na kibao cha shule. Hadi vijengwe, vijana wawili wawili tusimame pale barabarani jioni wanapotoka, tuwavushe. Tukubaliane na Mkuu wa shule na mwenyekiti wa mtaa, tuvae viakisi mwanga, basi. Wakati huohuo tunakwenda kwenye mkutano wa mtaa kama wakazi, tunaomba hoja ya matuta iingie kwenye muhtasari, tunaomba nakala, na kila mwezi tunauliza imefikia wapi. Barua inayofuatwa kila mwezi haisahauliki droo.

Na barua ya tatu waandike wanafunzi wenyewe. Sisi tusiwaandikie. Wakiona siku moja lori limepunguza mwendo juu ya tuta waliloliomba kwa mkono wao, hakuna atakayehitaji kuwahubiria kwamba kesho ipo.

Kaka yangu uliyesema ni fursa, hapo nakubaliana na wewe, ni fursa kweli. Ni fursa ya kuonyesha kwamba sisi tunaotaka kuiongoza nchi hii tunaweza kumvusha mtoto barabara bila kupiga picha. Wapo watakaosema tusipojitangaza hatutapata kura. Wale watoto wana wazazi, na wazazi wana macho. Na hata kama hakuna atakayeona, mtoto atakuwa amevuka.

Kuhusu lile dawati: nimemuuliza mdogo wetu mmoja wa darasa lile, wenyewe wanataka lifanyiwe nini. Akafikiri, akasema, "Tungependa tulihamishie maktaba, tuliandike jina lake, mtu akitaka kusoma akae." Nikamuuliza kama wamemwambia mwalimu. Akasema, "Hakuna aliyetuuliza." Jumatatu nitakwenda kwa Mkuu wa shule na mzazi mmoja, tukaombe awaulize. Hilo halihitaji bajeti ya halmashauri, na mama yake akikubali, linaweza kufanyika wiki hii.

Zamu ya kuvusha inaanza Jumanne, saa tisa na nusu alasiri, pale kwenye kibanda cha fundi viatu. Karatasi ya majina ipo mezani kwa Katibu. Mimi nimejiandika Jumanne na Alhamisi. Magwanda yabaki nyumbani.