SPRINGI HAIVUNJIKI YENYEWE

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama madereva, mafundi na utingo, mkutanoni Marafa)



Tumeombwa tuseme machache juu ya springi za nyuma za magari yetu ya zamani, Land Rover na Land Cruiser, ambayo leo hubeba wageni kutoka Malindi kuja kutazama Nyari, na kesho hubeba mananasi, magunia na watu. Jambo hili ni la ufundi, lakini pia ni la mshahara, ndiyo sababu limeletwa katika mkutano wa chama.

Ninyi wa hapa mwajua kwamba jina la Nyari hufasiriwa kuwa ni mahali palipovunjika penyewe. Ardhi yaweza kumeguka yenyewe kwa mvua na upepo. Springi haiwezi. Springi huvunjwa na mzigo uliozidi, na njia mbovu, na bolti iliyolegea, na zaidi ya yote huvunjwa na watu wanaoona ufa wakanyamaza. Hata hivyo inapokatika njiani, neno la kwanza la tajiri ni, "Dereva ameivunja." Mwisho wa mwezi mshahara unakuja pungufu.

Tulimwona mwenzetu mmoja akikatwa bei ya springi nzima. Tulipokitazama kile kipande kilichokatika, nusu yake ilikuwa inang'aa na nusu ilikuwa nyekundu kwa kutu. Maana yake ni kwamba nusu ilipasuka zamani, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokatika siku ile. Kutu haiingii ndani ya chuma kwa safari moja. Lakini mwenzetu hakuwa ameandika lolote, na kipande chenyewe kilipatikana baada ya fedha kukatwa. Basi tujifunze kukagua, kutengeneza na kuandika.

KUKAGUA

Kwanza, simamisha gari mahali tambarare, bila mzigo, magurudumu yote yakiwa na upepo wa kutosha. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto, kisha andika. Namba ya siku moja haisemi mengi. Namba inayopungua mwezi hata mwezi ndiyo inayosema kwamba springi imechoka.

Pili, ingia chini na brashi ya waya. Safisha tope kwenye mabamba ya springi, hasa karibu na ekseli, mahali yubolti zinapoyabana, kwa kuwa katikati pana tundu la bolti na nyufa nyingi huanzia hapo. Ukiona chuma kinang'aa chini ya yubolti, jua kwamba kitu kinasugua, na bolti zimelegea.

Tatu, pima kutoka jicho la mbele la springi hadi kwenye ekseli, pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa mfupi, huenda bolti ya katikati imekatika na ekseli imerudi nyuma au imekwenda mbele. Gari la namna hiyo hutembea upande kama kaa: usukani umenyooka, gari limekaa mshazari. Gari hilo lisipakie mtu.

Nne, tia mtaimbo kwenye jicho la springi na kwenye shakeli, uinue kidogo. Bushi nzima husogea kwa shida na kurudi. Bushi iliyokufa hucheza, na mpira wake huonekana umepasuka au umetoka nje. Ndiyo inayogonga "ko!" unapoondoka na unapofunga breki.

Tano, shokomzoba. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu, uachie. Likipanda na kutulia, vema. Likiendelea kucheza kama dau, shokomzoba imekwisha. Tazama pia kama inavuja mafuta. Tena iko njia ya dereva isiyotaka chombo chochote: ukifika mwisho wa njia ya mawimbi, gusa shokomzoba zote mbili kwa hadhari. Iliyofanya kazi huwa na moto. Iliyo baridi ilikuwa abiria tu.

Magari mengine ya miaka ya baadaye, kama Defender na Land Cruiser 80, yana springi za kujiviringa nyuma, hayana mabamba. Kwa hayo pima kimo vilevile, kisha kagua vyuma vinavyoishika ekseli na bushi zake. Hizo zikifa, mkia wa gari huyumba hata kama springi ni mpya.

KUTENGENEZA

Kabla ya kuinua gari, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Land Rover nyingi za zamani breki yake ya mkono haishiki magurudumu, hushika propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliachia la pili lizunguke, na gari huondoka juu ya jeki. Kwa hiyo chasisi ikae juu ya stendi madhubuti, na jeki ibebe ekseli peke yake. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na jeki tu. Tunasema hasa kwa utingo, maana ndio wanaotumwa chini. Na ekseli isiachwe ining'inie kwa mpira wa breki.

Bamba lililokatika lisichomelewe. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea huuharibu ugumu huo. Kitakatika tena, mara nyingi kando ya pale kilipoungwa. Wala usiongeze bamba upande mmoja ukaacha wa pili, gari litalala. Badilisha kulia na kushoto pamoja. Ukiyafungua mabamba, yabane kwanza kwa klampu kabla ya kuitoa bolti ya katikati, kwa sababu yana nguvu ya kuruka yakamwumiza mtu.

Yubolti zitiwe mpya. Za zamani zimekwisha kuvutika. Zikazwe kwa zamu, mshazari, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Bolti za bushi za mpira zisikazwe gari likiwa hewani. Lishushe chini kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo mpira utakaa umesokotwa na utapasuka mapema. Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, kaza yubolti tena. Na kama gari lina kile chuma kinachounganisha ekseli na kifaa cha breki za nyuma, kirekebishwe kwa kimo kipya, maana breki za nyuma hupimwa kwa kimo hicho.

KUANDIKA

Ndugu zetu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, lakini ni pale uharibifu ulipotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kuchakaa si makusudi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamtaka mfanyakazi amjulishe msimamizi wake anapoona hatari kubwa. Basi ukinyamaza umejidhulumu mara mbili: umehatarisha roho yako na ya abiria, tena umepoteza ushahidi wako.

Kila dereva awe na daftari. Aandike tarehe, vipimo, alichokiona, na jina la aliyemwambia. Kitu kikikatika, kipande kisitupwe, kiletwe kwa katibu wa tawi. Kutu yake itasema yenyewe.

Hatusemi kila tajiri ni mbaya. Wapo wanaonunua springi mara waambiwapo, nao wamegundua kuwa ni rahisi kuliko gari kulala njiani na wageni juani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huo, ndugu zetu, msikubali kuujenga kwa mishahara yenu.

Mkutano ukiisha, mwenye gari lililosimama hapo nje alifungue, tuingie chini pamoja, tuanze na hilo.