Majina ya Wazee Wetu Vitabuni



Katika Yubilei hii wengi wamesimulia habari za makanisa na shule zilizojengwa. Sisi makatekista wa Mitundu twapenda kusema habari za kitu kidogo kilichofungiwa kabatini, ndivyo vitabu vya ubatizo na vya ndoa.

Zamani kidogo alitujia mama mmoja, mzaliwa wa mjini, ambaye hakuwahi kuiona nchi ya wazee wake. Alijua jambo moja tu, ya kuwa bibi yake aliitwa Maria binti Yosefu, naye alibatizwa upande wetu huu wa kusini ya Itigi. Tulipofungua kitabu cha kale tukawakuta Maria binti Yosefu wawili katika mwaka mmoja. Ukoo haukutajwa, wala kijiji. Akatuuliza, "Basi, wangu ni yupi?" Tukakosa jibu. Aliyeandika alikuwa katekista kama sisi, na kosa lake ni letu.

Ndugu, shida hii si yetu peke yetu. Watazameni watu wa Ayalandi, nchi ya wale masista waliotumika hospitali ya Makiungu, hapa Singida. Njaa kuu ya viazi ilianza kwao mwaka 1845. Watu wapata milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni wakavuka bahari. Leo wajukuu wao walioko Marekani na kwingineko wanatafuta asili yao. Lakini serikali ilianza kuandika vizazi, ndoa na vifo vya watu wote mwaka 1864 tu. Tena tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya hati za serikali mjini Dublin iliteketea, na hesabu za watu za tangu 1821 hata 1851 zikaungua karibu zote. Vitabu vingi vya Waanglikana vilivyowekwa humo vikapotea. Vya Wakatoliki vilikuwa vimebaki parokiani, navyo vikapona. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa yao iliweka picha za vitabu hivyo mtandaoni, kila mtu asome bure.

Na kwetu je? Sheria ya mwaka 1920 ya kuandikisha vizazi na vifo katika Tanganyika haikuwalazimisha Waafrika. Kwa hiyo wazee wetu wengi hawana hati nyingine ila mstari mmoja katika kitabu cha parokia. Nao walihamishwa sana: zamani za Waingereza kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na miaka ya 1970 kwenda vijiji vya ujamaa. Mahame yao yamekuwa pori, makaburi hayaonekani; ila mstari ule upo.

Basi mwenye kutafuta aanze na walio hai. Awaulize jina la nyumbani, ukoo na kijiji. Kisha aende parokia mama, kwa kuwa parokia ikigawanyika, vitabu vya kale hubaki huko. Asome na pembeni mwa ukurasa, maana kwa amri ya Roma ya mwaka 1907 ndoa ya mtu huandikwa kando ya ubatizo wake, hata akifunga ndoa mbali. Awaangalie na wasimamizi, ambao mara nyingi ni ndugu au jirani.

Lakini pembeni mwa Maria wetu wawili palikuwa patupu. Hakuna aliyeleta habari za ndoa zao. Mama yule akanakili mistari yote miwili, akasema, "Nitawaombea wote wawili, mpaka nimjue aliye wangu." Akaenda zake. Maneno yale yangali yakituchoma.

Kwa hiyo tumeazimu kuandika jina la ubatizo pamoja na jina la nyumbani, la baba na la mama, ukoo na kijiji. Na kufanya nakala ya vitabu, ikae mbali na parokia. Nanyi wazee wetu, twawasihi, njoni mtutajie majina mngali hai. Mtoto atakayekuja kuuliza baada ya miaka hamsini asirudi mikono mitupu.