Jatiluwih, Kijiji cha Maji ya Shirika



Leo ninataka kuwaelezeni habari za kijiji kimoja cha wakulima kilichoko ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Kijiji hicho huitwa Jatiluwih, nacho kimo katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia, kwenye mtelemko wa mlima Batukaru. Mkitazama ramani mtaona kwamba Bali iko kusini ya Ikweta, karibu sawasawa na mahali palipo baina ya Mafia na Kilwa katika mwambao wetu. Kwa hiyo jua lao ndilo jua letu.

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, na watu wake hupita milioni 270. Wengi wao ni Waislamu, lakini watu wa Bali, ambao ni zaidi ya milioni nne, wengi hufuata dini ya Kihindu kwa namna yao wenyewe. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu huko huwezi kuzungumza habari za mfereji bila kugusa habari za ibada.

Mlima Batukaru una kimo cha zaidi ya meta 2,200, na kijiji kiko kama meta 700 juu ya bahari. Wenyeji husema kwamba maana ya jina Jatiluwih ni "nzuri kweli kweli", na mgeni akisimama barabarani hawezi kuwakatalia. Majaruba ya mpunga yameshuka kama ngazi, moja chini ya jingine, hata macho yakashindwa kuyahesabu. Hakuna jaruba lililonyoka kama uzi. Kila moja limefuata umbo la kilima. Kingo zake ni za udongo uliofinyangwa kwa mikono, nao umeshikwa na majani yaotayo juu yake. Eneo lote la mpunga la kijiji ni kama hekta 300. Kazi hiyo haikufanywa kwa mashini, wala si kazi ya kizazi kimoja. Maandishi ya kale ya Bali yanataja mafundi wa kuchimba njia za maji chini ya ardhi tangu karne ya 9, na katika maandishi ya karne ya 11 limo neno ambalo ndilo asili ya neno subak.

Neno hili subak nawaombeni mlishike, maana nitalitumia sana. Subak ni chama cha wakulima wote wanaonyweshea majaruba yao kwa mfereji mmoja. Angalieni vema: si chama cha kijiji, wala cha ukoo. Mtu aweza kukaa kijiji hiki na jaruba lake likawa katika subak ya majirani. Na akiwa na majaruba penye mifereji miwili, basi ni mwanachama wa subak mbili. Kinachowaunganisha ni maji tu. Bali ina subak kama 1,200, na kila moja ina wakulima kati ya 50 na 400. Mkuu wake huitwa pekaseh, naye huchaguliwa na wanachama wenyewe. Sheria zao zimeandikwa. Asiyekuja siku ya kusafisha mfereji hutozwa faini, na vivyo hivyo anayegeuza maji ya mwenzake.

Watu wa Bali wana matabaka ya kuzaliwa, na lugha yao ina maneno ya kumwambia mkubwa na maneno mengine ya kumwambia mdogo. Lakini katika mkutano wa subak desturi ni kwamba wote huambiana kwa maneno ya heshima, mwenye ukoo mkubwa na asiye nao. Mimi naona desturi hiyo ina maana kuliko sheria nyingi zilizopigwa mihuri.

Maji yenyewe hugawanywa hivi. Gogo hulazwa kukingama mfereji, nalo limechongwa mapengo juu yake. Upana wa kila pengo ndio hesabu ya maji ya wale walio upande ule. Mfereji ukijaa, kila mtu hupata zaidi; ukipungua, wote hupungukiwa kwa kadiri ile ile. Hapana haja ya karani wala saa. Mpita njia aweza kulitazama gogo na kujua kama haki imetendeka, hata kama hajui kusoma.

Zao linaloipa Jatiluwih sifa ni mpunga wa asili wenye mchele mwekundu. Shina lake ni refu, nao hukaa shambani miezi mitano au sita: hupandwa mwanzoni mwa mwaka na kuvunwa kati ya mwaka. Baada yake hupandwa mpunga mwingine wa muda mfupi zaidi. Zamani mpunga ulikatwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo kilichofichwa kiganjani, ili Dewi Sri, ambaye kwao ni mungu wa kike wa mpunga, asishtuke kwa kuona panga. Mavuno yakiisha, bata huachiwa majarubani wale punje zilizoanguka pamoja na wadudu, nao huacha mbolea.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichague kijiji hiki. Maji hutoka juu kwenda chini. Mkulima wa juu ndiye wa kwanza kuyapata, na kama akitaka kuyatumia yote, mwenzake wa chini hana nguvu ya kumzuia. Basi kwa nini mkulima wa juu hukubali kulazwe gogo mbele yake?

Watu wengine watajibu kwamba wenyeji wa Bali ni watu wema na wacha Mungu. Pengine ndivyo, lakini jibu hilo halinitoshi, kwa maana watu wema wamepigana kwa ajili ya maji katika nchi nyingi. Sababu kubwa ni panya na wadudu.

Mdudu wa mpunga huishi kwa mpunga. Majirani wote wakipanda siku moja, watavuna pia siku moja, kisha majaruba ya upande mzima wa kilima yatafurikishwa maji au kuachwa bila mmea wowote. Wakati huo mdudu hana chakula wala mahali pa kulala, naye hufa. Bali mmoja akipanda mapema na mwingine akachelewa, mdudu huhama tu kutoka shamba lililovunwa kwenda shamba bichi, akizaana njia nzima. Kwa hiyo mkulima wa chini anamwambia wa juu: nipe maji, nami nitapanda pamoja nawe, ukininyima, nitapanda nitakapoweza, na panya wangu watakuwa wako. Hapo mkulima wa juu anagundua kwamba kugawa maji ni nafuu kuliko kugawana panya.

Lakini ugumu haukuisha. Kazi inayokula maji mengi kuliko zote ni ile ya mwanzo, ya kulowesha jaruba na kulivuruga tope kabla ya kupandikiza miche. Wote mtoni wakiianza kwa pamoja, mto hautatosha. Basi yapasa watu wa karibu wapande pamoja ili kuwaua wadudu, na watu wa mbali wapishane nao kwa majuma kadhaa ili maji yatoshe. Nani aende na nani, na nani amngoje nani? Hesabu hiyo haiwezi kupatikana katika jaruba la mtu mmoja.

Hufanywa hekaluni. Pembeni mwa kila jaruba, pale maji yaingiapo, pana kijibanda kidogo cha ibada. Mfereji una hekalu lake; subak kadhaa zenye banio moja zina hekalu lao kubwa zaidi; na juu kabisa yako mahekalu ya maziwa, huko milimani. Wajumbe wa wakulima hukutana huko siku za sadaka, na siku hizo hizo hupatana juu ya tarehe za kupanda. Hekalu lililo kuu kwa maji ni lile la ziwa Batur, upande wa mashariki ya Jatiluwih. Mlima Batur ulipolipuka mwaka 1926, hekalu hilo na kijiji chake vilifunikwa na moto wa volkano. Watu wakahamia juu ukingoni, wakalijenga tena.

Wataalamu wengi wa zamani waliyaona mambo haya kuwa ni dini tupu, wasione kilimo ndani yake. Kosa hilo lililetea watu hasara.

Katika miaka ya 1960 Indonesia haikuwa na mchele wa kuwatosha watu wake, ikawa inanunua kwa wingi ng'ambo. Wakati huo taasisi ya utafiti wa mpunga huko Ufilipino ilitoa mbegu mpya, fupi za shina, zenye kukomaa upesi na kuzaa sana zikipewa mbolea. Mbegu ya kwanza mashuhuri ilitolewa mwaka 1966. Serikali ya Indonesia ikazisambaza pamoja na mbolea na dawa za kuua wadudu, na katika miaka ya 1970 zikafika Bali. Wakulima waliambiwa wapande mara nyingi kadiri wawezavyo, bila kungojana. Sitaki kuwadhihaki maofisa wale. Walikuwa na njaa mbele yao, na mbegu zile kweli zilizaa. Mwaka 1984 Indonesia ilitangaza kwamba inajitosheleza kwa mchele.

Ila katika Bali mambo yaligeuka upesi. Kwa kuwa kila mtu alipanda kwa wakati wake, mashamba hayakupumzika tena. Akaja mdudu mdogo wa rangi ya kahawia, anayekaa penye shina na kufyonza utomvu wake mpaka jaruba zima likawa kama limeunguzwa na moto. Baada yake yakaja magonjwa ya mpunga, na panya. Dawa ziliongezwa, lakini dawa ziliua pia buibui na wadudu wengine ambao chakula chao ni yule mdudu wa kahawia, naye akazidi kuzaana. Na maji, yaliyokuwa yakitosha, yakaanza kugombewa.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, J. Stephen Lansing, aliyekuwa akichunguza mahekalu ya maji, aliwasikiliza wakulima waliosema kwamba inafaa kurudia kalenda ya hekalu. Yeye na mwenzake James Kremer wakachukua subak 172 zilizo kati ya mito miwili ya Bali, Oos na Petanu, wakaingiza katika kompyuta habari za mvua, mito, mpunga na wadudu, kisha wakajaribu mipango mbalimbali ya kupanda. Kila mtu akipanda peke yake, wadudu walishinda. Wote wakipanda siku moja, maji yalikosekana. Mpango uliotoa mavuno makubwa ulifanana sana na ule wa mahekalu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993. Kabla ya hapo wakulima wa sehemu nyingi walikuwa wamekwisha rudia desturi yao bila kungoja kompyuta.

Mdudu yule aliharibu pia mpunga wa kisiwa cha Java, na mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa za kuua wadudu katika mpunga. Tangu 1989 yakaanzishwa madarasa ya shambani, ambamo wakulima hukutana kila juma wakati wote wa msimu kuchunguza mmea, kuhesabu wadudu wabaya na wazuri, na kuamua wenyewe la kufanya. Madarasa hayo yalivuka bahari. Katika miaka ya 1990 yalifika Kenya kwa njia ya shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yakaanzia sehemu za magharibi. Na kila mkulima wetu aliyekaa chini ya mti akichora picha ya mdudu katika karatasi amekaa katika darasa lililoanza Indonesia.

Turudi Jatiluwih. Mwaka 2012 shirika la UNESCO liliandika majaruba na mahekalu ya maji ya Bali, hekta 19,500 kwa jumla, katika orodha ya urithi wa dunia, na Jatiluwih ni miongoni mwake. Tangu hapo watalii wamezidi. Wageni hulipa kiingilio, hupiga picha, hula wali mwekundu. Hiyo ni fedha, na hakuna mkulima anayeidharau. Lakini mtalii hufuatwa na mkahawa, na mkahawa hufuatwa na maegesho ya magari, na yote hayo hutaka ardhi. Katika sehemu nyingi za kusini ya Bali majaruba yamekwisha geuka kuwa nyumba za kupanga na hoteli, na hoteli nazo zataka maji. Kodi ya ardhi hufuata thamani ya ardhi. Basi mwenye jaruba karibu na hoteli aweza kutozwa kama kwamba naye analaza wageni, hali yeye anavuna mpunga tu. Vijana wanaona kwamba kubeba mizigo ya wageni kwa mwezi mmoja kwaweza kulipa kuliko kusimama topeni nusu mwaka.

Mtu anapouza jaruba lake, husema kwamba anauza mali yake, na kwa sheria ni kweli. Lakini mfereji uliopita kwake kwenda kwa wenzake watano walio chini haukuwa wake peke yake. Mnunuzi akiufunika kwa saruji, wale watano watakauka, nao watauza. Pengo la yule muuzaji katika gogo hubaki bila mtu wa kuja kazini siku ya kusafisha mfereji, na kazi yake huwaangukia waliobaki. Ndiyo sababu siku hizi katika mikutano ya subak habari ya nani anauza hujadiliwa kwa uzito ule ule wa habari ya nani anapanda. Maji yanapofunguliwa, kwanza huendwa chemchemini na sadaka kuyapokea. Kisha pekaseh huwahesabu waliokuja na majembe.